Mkono Ulioshika Fimbo

Mzee Kahirita wa Nyabuhikye alikuwa mtu wa maneno. Familia yoyote upande ule wa Ibanda ikiwa na binti wa kutoa au kijana wa kuposea, swali la kwanza lilikuwa, "Kahirita Jumamosi hiyo ana nafasi?" Kanzu yake na koti lake la kijivu vilikaa nyuma ya mlango, vimepigwa pasi mwaka mzima. Methali za Kinyankore alizijua kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake: huyu mpole, huyu ana pembe, huyu usimtoe mbele ya wakwe wakishakunywa. Akisimama kwenye sherehe alikohoa kidogo, akazungusha macho, na watu walianza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Binti yake wa kwanza, Kyarisiima, hakuwahi kusikia hata methali moja. Homa ya uti wa mgongo ilimpata angali mchanga, ikaondoka na masikio yake. Ninsiima, mdogo wake, alizaliwa akaikuta nyumba ina lugha mbili: ya mdomo, ambayo baba yao alikuwa bingwa wake, na ya mikono, ambayo Kyarisiima alirudi nayo kila likizo kutoka shule ya viziwi mjini, imenenepa kuliko alivyoondoka nayo. Ninsiima alizishika zote mbili bila kufundishwa, na kwa hiyo akawa mtumwa wa kila mtu. Mwambie dada yako chakula tayari. Mwambie dada yako shangazi anamsalimia. Akazoea kufupisha. Mtu akiongea muda wa kumenya mkungu mzima wa matoke, Ninsiima alimpa dada yake ishara tatu, wakaendelea na kazi.

Hakuona ubaya wowote mpaka siku ya kuhingira ya binamu yao, siku ya kumtoa binti huyo kwao na kumkabidhi kwa mumewe. Kyarisiima ndiye aliyeshona nguo zote za siku hiyo, maana alikuwa na duka la ushonaji pale Ibanda mjini, lenye cherehani tatu na wasichana wawili aliowaajiri. Walikaa pamoja mkekani, upande wa wanawake. Baba yao alisimama upande wa wenyeji akarushiana maneno na msemaji wa wageni, na watu wakacheka mpaka mwanamke mmoja akalala ubavu.

Kyarisiima akamgusa goti mdogo wake. "Kasema nini?"

"Mambo ya ng'ombe," Ninsiima akajibu kwa mikono. "Wanataniana tu."

Kyarisiima akamtazama. Akawatazama watu waliokuwa bado wanafuta machozi. Kisha mikono yake ikaenda taratibu, kama mtu anayetaka kila neno lifike.

"Baba kapiga mdomo tangu yule bibi aanze kugawa maziwa mpaka akamaliza. Watu wameshika mbavu. Na mimi napewa ng'ombe. Kila mwaka napewa ng'ombe. Ninsiima, hao ng'ombe wangekuwa wa kweli ningeshakuwa tajiri."

Ninsiima akacheka, kisha akaona dada yake hacheki.

"Siku yangu ikifika," Kyarisiima akasema, "sitakaa kama kibuyu rafuni, napitishwa mkono kwa mkono, sijui kilichosemwa juu yangu. Ama unaniambia yote, ama sitoki chumbani."

Siku yake haikuwa mbali. Mchumba wake alikuwa Nabaasa, fundi seremala wa Sheema, kiziwi kama yeye; walikaa dawati moja shuleni wakiwa watoto, wakapotezana, wakakutana tena kwenye harusi ya rafiki yao. Mahari ilikuwa imekwisha kulipwa. Iliyobaki ilikuwa kuhingira yenyewe, na mabwana wawili wenye ndimi kali ambao wangesimama kuzungumza kwa nusu siku juu ya watu wawili wasiosikia neno.

Ninsiima alimpelekea baba yao ujumbe kama ulivyokuwa, bila kuufupisha. Mzee alikuwa anafunga komeo la lango. Akaacha.

"Anataka kuambiwa methali?"

"Zote."

"Methali haitafsiriki, mama. Ukiivua nguo inabaki mifupa."

"Basi mwambie mwenyewe."

Mzee akarudi kwenye lango lake. Lakini baada ya chakula akaja nyuma ya nyumba, mahali mabinti wake walipokuwa wakipepeta ulezi, akavuta kigoda. Alikuwa na tatizo lake mwenyewe, nalo lilimuuma zaidi ya alivyosema. Baba wa binti hasemi siku ya kuhingira. Anakaa kitini, anatazamwa, na mwingine anamsemea. Kahirita, aliyesemea mabinti wa nusu ya Ibanda, kwa binti yake mwenyewe angefunga mdomo, na kazi ile ingekwenda kwa ndugu yake Bagyenda, ambaye kwa maoni ya Kahirita alikuwa anasema methali kama mtu anayetapika mawe.

"Upande wa kule msemaji ni Rwomushana," akasema. "Nimesimama naye miaka mingi. Zizi lake nalijua lote. Nitawaambia atakayotoa, na wewe Ninsiima utajifunza kuyatia mikononi. Tuanze na ya kapu. Hiyo hawezi kuiacha nyumbani. Kapu dogo huenda kwa anayelirudisha."

Ninsiima akafanya ishara: kapu, kwenda, mtu, kurudisha. Kyarisiima akakunja uso.

"Kapu lina nini ndani?" akauliza.

Ninsiima akamgeukia baba yao. "Anauliza kapu lina nini."

"Lina nini vipi? Ni kapu."

"Anasema mkono wake haujui kubeba kapu asilolijua uzito. Likiwa tupu linabebwa hivi, likijaa linabebwa hivi. Na likirudi, linarudi na nini?"

Mzee Kahirita akautazama ungo wa ulezi. Alikuwa amesema methali ile mara zisizohesabika, na watu wamemshangilia, na hakuna siku aliyowahi kuchungulia ndani ya kapu lile.

"Ulezi," akasema hatimaye. "Mama yangu alimpelekea jirani ulezi. Likarudi na maharage. Halirudi tupu. Ukilirudisha tupu, hulioni tena."

Kyarisiima akaangalia mdomo wa baba yake, kisha mikono ya mdogo wake, kisha akasimama. Akachukua kapu lisilokuwepo, akalijaza ulezi usiokuwepo, akalikung'uta kidogo ulezi ukae, akalibeba kwa mikono miwili, uzito ukionekana mpaka mabegani. Akavuka ua. Akampa jirani. Jirani akawa yeye mwenyewe, akageuka, akamwaga ulezi, akatazama kapu tupu, akalionea aibu, akalijaza maharage. Akarudi. Mabega yalikuwa yameshuka vilevile, lakini uso ulikuwa mwingine: uso wa mtu anayejua atapokelewa.

Mama yao, aliyetoka jikoni kuangalia ulezi wake unachelewa kwa nini, akasimama mlangoni na mwiko.

"Hiyo si ya kapu?" akauliza. "Ile ya Kahirita?"

"Umeijuaje?" Ninsiima akamuuliza.

"Si naiona."

Tangu siku hiyo wakawa wanakutana pale karibu kila jioni kabla ya jua kuzama. Meno yaliyo pamoja ndiyo yavunjayo mfupa: Kyarisiima aliifanya kwa vidole kumi, na Ninsiima akasikia mfupa ukivunjika ingawa hakukuwa na sauti. Pole pole ilimfikisha nyungunyungu kisimani: kidole kimoja kilitambaa kwenye mkono wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kiganja, kikipumzika, kikikata tamaa, kikijikunja tena, na Mzee Kahirita alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata alikwenda kusemea familia moja ya jirani, akatia ulezi na maharage ndani ya kapu lake. Akarudi nyumbani amevimba kwa furaha.

"Wamenipigia makofi wamesimama," alimwambia mkewe. "Kapu lilelile la miaka yote. Kumbe lilikuwa na njaa."

Shida ilitoka kwa Bagyenda. Alikuja siku tatu kabla ya sherehe kuonyeshwa mahali mahema yatakapokaa, akaambiwa bibi harusi atakaa kwenye baraza, mlangoni, pazia limefungwa pembeni, amuone Ninsiima, na Ninsiima atasimama kwenye nguzo ya baraza ili bwana harusi naye amuone.

"Aonekane kabla ya kuitwa?" Bagyenda akauliza. "Kaka, bibi harusi anaitwa ndipo anatoka. Wageni wakimuona mapema, nitamuuza vipi? Ni kama kufungua sufuria kabla wageni hawajanawa."

"Hauzwi," mama yao akasema kutoka jikoni.

"Shemeji, ni namna ya kusema."

"Mimi nimesikia namna."

Bagyenda akamgeukia kaka yake, akitegemea wanaume wasaidiane. Kahirita alikuwa anatafuna punje za kahawa, kama kawaida yake akitafuta maneno.

"Bagyenda," akasema, "binti yangu hataondoka hapa kwa maneno asiyoyajua. Weka mahema unapotaka. Mlango ule hautafungwa."

Jumamosi ilipofika, kilima kizima kilikuwa kimekuja. Mahema mawili yalitazamana uani, moja la wenyeji, moja likingoja wageni, na katikati nyasi zilizokatwa usiku uliotangulia. Vyanzi, vile vyombo vya mti vya maziwa, vilipangwa mezani na vifuniko vyao vya ususi. Ndani, wanawake walikuwa wakipiga samli ya eshabwe, ule mchuzi wa karamu, mpaka ikawa nyeupe. Kyarisiima alikaa mlangoni katika kishali cha rangi ya dhahabu, vazi la kujitanda alilojishonea mwenyewe, wasimamizi wake wamemzunguka, uso umefunikwa nusu. Ninsiima alisimama kwenye nguzo.

Wageni wakafika langoni, wakazuiwa kidogo, kama ada, kisha wakakaribishwa hemani. Rwomushana alikuwa mzee mrefu mwembamba, kofia ya kahawia, fimbo ya mti wa mwitu mkononi, na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti ingawa alikishika.

"Wenye mji, hamjambo? Tumemfuata ndama wetu. Nyayo zimeingia hapa."

"Nyayo tunaziona, sebo," Bagyenda akajibu. "Lakini huyo ndama wenu anavaa viatu?"

Watu wakacheka, na Ninsiima mikono yake ikakimbia: ndama, nyayo, viatu. Akaona kule kwenye hema la wageni Nabaasa, kijana mpana wa mabega mwenye suti ya bluu, akicheka pamoja na watu wengine, kwa wakati mmoja na watu wengine. Baadhi ya jamaa zake wakageuka kumtazama. Hawakuwa wamezoea kumuona akicheka kwa wakati.

Kapu likaja, kama mzee alivyosema. Nyungunyungu naye akaja. Ninsiima akaona uso wa dada yake unang'aa chini ya shela. Mzee Kahirita alikaa kwenye kiti cha mbele, midomo imefungwa, kahawa shavuni, akitikisa kichwa Bagyenda alipopatia na kufumba macho alipokosea.

Halafu Bagyenda akalewa makofi. Hutokea. Msemaji akichekewa mara mbili anataka ya tatu, na ya tatu huitafuta mahali pasipostahili.

"Sisi tumesikia," akasema, "kwamba hapa siyo mlango wenu wa kwanza. Tumesikia mlipita nyumba moja kule Kashari, mkasalimia, mkafungiwa lango. Sasa mnatuletea sisi kijana aliyerudishwa?"

Hema la wenyeji likacheka, lakini kwa wasiwasi. Jambo lilikuwa la kweli. Miaka miwili kabla, nyumba ile ilikuwa imemkataa Nabaasa mara baada ya kujua kwamba hasikii, mbele ya wazee wake, na yeye akiwa amekaa palepale akijaribu kusoma midomo yao.

Mikono ya Ninsiima ikasimama hewani. Angeweza kusema, wanataniana tu. Angeweza kusema ng'ombe. Nabaasa alikuwa anamtazama. Kyarisiima naye alikuwa anamtazama, na Ninsiima alijua uso ule: dada yake alikuwa anangoja kuona kama atapewa ng'ombe. Akaisema yote, pamoja na lango na Kashari na neno kurudishwa. Nabaasa akainamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua.

Rwomushana hakukasirika, au kama alikasirika aliificha chuki ile chini ya kofia. Akatabasamu, akapiga fimbo yake chini mara moja.

"Mwenye mji anacheka jirani yake alivyochapwa," akasema. "Haya. Mimi ninalo moja tu la wazee. Fimbo iliyompiga mke mwenzio, itupe nje ya ua."

Hapo watu walianguka. Ndiyo methali ambayo Waswahili wangesema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: usimcheke mke mwenza aliyepigwa, maana fimbo ikibaki ndani ya ua, kesho ni wewe. Wanaume walipiga mapaja. Bagyenda mwenyewe alicheka, ameshikwa. Hata Mzee Kahirita kahawa ilimtoka kinywani.

Ninsiima akaitia mikononi, na hii hawakuwa wameifanyia mazoezi nyuma ya nyumba. Kwa hiyo akaifanya kama Kyarisiima alivyomfundisha, kwa kuangalia ndani. Akamuonyesha mke wa kwanza, akajikunja chini ya pigo. Akamuonyesha mke wa pili, akichungulia. Akaokota fimbo, akairusha juu ya ua, mbali, akafuta viganja. Akamaliza.

Kyarisiima hakucheka. Alikuwa anatazama mahali fimbo ilipotoka, si mahali ilipoangukia. Akaifunua shela. Akasimama, akavuka kizingiti, akashuka ngazi moja ya baraza, na wasimamizi wake wakabaki wameshika pindo la hewa.

Ua ukanyamaza kidogo kidogo, upande mmoja kisha mwingine.

Mikono ya Kyarisiima ilisema jambo moja fupi.

"Ninsiima," dada yake akaongeza, "kama nilivyosema. Usinikatie."

Ninsiima akachukua kipaza sauti kilichokuwa mezani. "Bibi harusi ana swali," akasema.

"Bibi harusi leo hana swali," Bagyenda akasema haraka. "Bibi harusi ataitwa. Ninsiima, mrudishe dada yako."

Mzee Kahirita akasimama. Hakusema kitu, ada ilimzuia, na yeye ada aliiheshimu kuliko mtu yeyote pale. Alisimama tu, mikono nyuma, akimtazama ndugu yake, na akaendelea kusimama. Bagyenda akaketi.

"Mwacheni aulize," Rwomushana akasema. "Swali la mkwe ni zawadi."

Ninsiima akavuta pumzi. "Anauliza: ni nani aliyeishika?"

"Kuishika nini, mama?"

"Fimbo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha. Kyarisiima alikuwa anaendelea, na mikono yake haikuwa na haraka. Alimfanya mke anayepigwa, kama Ninsiima alivyomfanya, lakini akainua macho kumtazama aliye juu yake. Alimfanya yule aliye juu yake: mkono mmoja tu, mpana, ukiinuka. Sauti ya Ninsiima ikafuata mikono, na haikuacha neno njiani.

"Anasema: nimeiona fimbo ikiruka ua. Nimeona mke wa pili akifuta viganja, amefurahi. Lakini mkono uliopiga haukuruka. Umebaki ndani. Na ndani ya ua kuna miti mingi. Anasema: wazee, mmetuambia wanawake tuitupe fimbo. Je, ule mkono tuutupe wapi? Mimi leo naingia ua wenu. Siulizi kuhusu fimbo. Nauliza kuhusu mkono."

Upepo uliinua ukingo wa hema, ukaurudisha. Kisha kutoka kwenye mikeka ya wanawake ukatoka mguno, mguno wa chini, kama ng'ombe wanapoona maji, na mwanamke mmoja mzee akasema, si kwa sauti kubwa, "Eee. Na mkono?"

Rwomushana alivua kofia. Alikuwa na kichwa chenye upara na jasho.

"Hii methali nilipewa na babu yangu," akasema. "Nimeibeba kila mahali. Nimeshinda nayo ng'ombe. Sijaulizwa hilo." Akafikiri, na watu wakamwacha afikiri, kwa maana alikuwa mtu wa kuheshimiwa. "Ningeweza kumjibu binti huyu kwa nyingine. Ninazo. Lakini mkono anaouulizia siyo wangu. Binti yangu Ninsiima, mwulize mwenye mkono."

Ninsiima akamgeukia Nabaasa. Hakuhitaji kumuuliza, Nabaasa alikuwa ameona yote, kwa lugha yake, kabla hema lake halijayasikia. Alisimama. Akatoka kwenye hema mpaka kwenye nyasi za katikati, mahali wasemaji tu ndipo husimama. Akainua mikono yake miwili, mikono ya seremala, yenye kovu la msumeno kidole gumba, akaifungua mbele ya watu wote, kwanza viganja, kisha migongo ya mikono. Halafu akazungumza, akimtazama Kyarisiima.

Sauti ya Ninsiima ilipasuka katikati, akairekebisha, akaanza upya.

"Anasema: mikono hii ndiyo kinywa changu. Siku nitakayoshika fimbo, nitakuwa bubu."

Vigelegele vilivyopanda pale, watu wa kilima cha pili waliulizana kuna nini kwa Kahirita. Wanawake walitoka mikekani bila kuitwa. Mama yao alitoka jikoni na mikono yake yenye samli, akamshika Kyarisiima mashavu yote mawili, akamwacha na alama nyeupe usoni, na hakuna aliyezifuta. Rwomushana aliirudisha kofia kichwani, akamwambia Bagyenda, "Mwenye mji, mimi sina la kuongeza. Leta maziwa," na ndivyo mashindano ya maneno yalivyokwisha siku ile, mapema kuliko siku yoyote ambayo mtu angeikumbuka, na hakuna aliyelalamika.

Yaliyobaki yakaenda kama yanavyokwenda. Walikula. Zawadi zikabebwa: magodoro, vyanzi, mikeka, cherehani mpya ambayo Mzee Kahirita alikuwa ameificha kwa jirani mwezi mzima. Ngoma ya ekitaaguriro ikachezwa mpaka vumbi likaingia kwenye soda. Ninsiima hakula. Alikaa nyuma ya jiko kwenye kinu kilichopinduliwa, akiangalia viganja vyake, akisikia uchovu kama mtu aliyelima, na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alikuwa amesema mbele ya wazee mia kadhaa maneno ambayo yeye mwenyewe asingethubutu, na sauti ilikuwa yake.

Baba yao akamkuta hapo.

"Ulitetemeka," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Hukukosea hata neno."

"Umejuaje? Wewe mikono huijui."

Mzee akaketi chini kabisa, kwenye majani ya ndizi, na kanzu yake nyeupe ya siku kuu. "Nilikuwa namtazama Kyarisiima," akasema. "Ulipokuwa unasema, alikuwa anakutazama mdomo. Na alikuwa anatikisa kichwa hivi. Ndiyo. Ndiyo. Hivyo hivyo." Akafuta pua yake kwa kiganja. "Mimi nimesimama na Rwomushana miaka yote, sijawahi kumvua kofia."

Siku hizi methali ile haipiti salama upande wa Ibanda. Mwanamume akiitoa kwenye sherehe, lazima mwanamke fulani mkekani aseme, "Na mkono?" na watu wacheke, na msemaji atafute njia ya kutokea. Wengine wameshaanza kuisema yote pamoja, fimbo na mkono, kana kwamba wahenga waliiacha hivyo.

Mwezi uliopita Mzee Kahirita alikuwa mnadani kuuza dume la mbuzi. Ninsiima alikuwa naye. Mnunuzi mmoja kutoka Bushenyi, mtu wa maneno mengi, akawa anawasimulia wenzake juu ya bibi harusi mmoja wa kwao, wa Bushenyi, aliyemfunga mdomo msemaji kwa kuuliza mkono uko wapi.

Mzee aliacha bei ya mbuzi ikining'inia.

"Wa Bushenyi?" akauliza.

"Ndiyo, mzee. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Ulikuwepo kwenye ndoto. Huyo ni binti yangu."

"Aa, mzee, methali haina mwenyewe."

"Nyingine zote hazina," Mzee Kahirita akasema. "Hiyo inaye. Anaitwa Kyarisiima wa Kahirita, ana cherehani nne kule Sheema, duka lake liko mkabala na kinu cha kusaga. Nenda kamuulize mwenyewe. Ila usiende peke yako ukamkodolea macho kama mbuzi huyu. Nenda na huyu hapa." Akaweka mkono begani kwa Ninsiima. "Huyu naye ni wangu."